Kijiji Kilichopima Wema kwa Vumbi

Paukwa!
— Pakawa!
Alikuwa nani?
— Aliyekuwa!
Alikuwa na nini?
— Na miguu miwili!
Ya nani?
— Ya kwake!
Basi kila mtu na aangalie ya kwake, tusije tukakanyagana. Hadithi inapita.

Hapo kale, kale ambayo kale yenyewe ilikuwa bado inanyonya, palikuwa na kijiji kikiitwa Matongo. Msiniulize kiko wapi. Nikisema kiko karibu mtakidharau, nikisema kiko mbali mtataka twende. Nyinyi pukuchueni mahindi, mimi nisimulie. Na wewe uliyekaa mlangoni, funga mdomo, nzi nao wana kwao.

Watu wa Matongo walikuwa wema. Haki ya Mungu walikuwa wema. Ila wema wao ulikuwa na mambo yake, na mambo hayo yalianza hivi.

Ulikuwa mwaka wa njaa. Bibi mmoja wa Matongo alijitwika kikapu cha mbegu, akavuka mlima, akawapelekea watu asiowajua hata kwa jina. Watu wale wakapanda, wakavuna, wakapona. Bibi akarudi kwao amechoka, vumbi limempanda mpaka magotini. Kijiji kizima kikatoka kumlaki. Ngoma! Vigelegele! Wakamtazama miguu, wakasema, "Lioneni vumbi lile! Huo ndio wema!"

Wakalisifu vumbi, wakazisahau mbegu. Mnawaona watu?

Tangu hapo Matongo wakawa wanapima wema kwa vumbi la miguu. Mtu akienda kutoa msaada, akirudi anamkuta mpiga ngoma langoni. Mpiga ngoma anainama, anachungulia miguu. Vumbi la kisigino, ngoma inalia puh. Vumbi la goti, puh puh. Vumbi la paja, puh puh puh, na vigelegele, na kigoda cha mbele barazani. Asiye na vumbi, hata kama amempa jirani yake shamba zima na jembe juu yake, ngoma kimya.

Sasa niambieni, nani atanawa miguu katika kijiji kama hicho? Hakuna! Waume walilala miguu ikiwa nje ya shuka, wake zao wasije wakaipangusa heshima. Bwana mmoja, Shekiondo, aliombwa chumvi na jirani yake wa mlango kwa mlango. Akaifumbata chumvi, akatoka nayo, akazunguka kijiji kutwa nzima apate vumbi. Alipofika, mchuzi umekwisha kuliwa na chumvi imeyeyukia kwenye jasho la kiganja chake. Lakini ngoma alipigiwa.

Mkubwa wao aliitwa Jumbe Kilua. Yeye vumbi lilikuwa limemfika kiunoni. Msimcheke, alikuwa mtu wa huruma. Akisikia mtu wa mbali amejikwaa kidole, analia machozi. Lakini macho yake yaliona ya ng'ambo, ya puani hayakuyaona. Na lile vumbi lilimwasha pua, kwa hiyo kila alipomaliza kusema jambo la maana alipiga chafya. Chya! Chya! Chya! Kuku wanakimbia, watoto wachanga wanashtuka, mabua yanaanguka ukutani.

Jumbe Kilua alikuwa na fahali akiitwa Sinaneno. Na Sinaneno ndiye aliyeleta neno.

Nyuma ya zizi la jumbe, mlima unapoanza kupanda, palikuwa na nyumba ya mjane mmoja, Bi Mashavu. Mumewe alifariki akamwachia mimba, na mimba ikawa pacha, Kulwa na Doto. Nyumba yake iliegemea mlima, hata upenu wa paa kwa nyuma ulikuwa karibu na ardhi. Ukaja ukame. Majani yakakauka. Sinaneno akapanda pale mlimani, akaliona paa la nyasi, akasema moyoni mwake, mla ni mla leo. Akaanza ukingoni. Akafika katikati. Akamaliza na kileleni, akacheua.

Bi Mashavu alikuwa ndani ananyonyesha. Akainua macho amtazame Mungu, akaona pua ya ng'ombe.

Paa limekwisha. Zimebaki fito. Na juu ya mlima mawingu ya masika yameanza kukusanyika, meusi, yanasukumana. Wana wachanga, nyumba haina paa, mvua inapiga hodi. Shikeni hilo. Mengine yote ni vumbi.

Bi Mashavu akambeba Kulwa mgongoni na Doto kifuani, akaenda kwa jumbe.

"Shikamoo, jumbe."

"Marahaba, mwanangu. Pacha hawajambo?"

"Hawajambo, ila wanalala wakitazama mawingu. Fahali wako amenilia paa."

"Amekulia paa!"

"Lote. Hata kamba."

Jumbe machozi yakamtoka pale pale. "Pole! Pole sana! Pole mno! Na unakaa wapi siku hizi?"

"Pale pale, nyuma ya zizi lako. Ukipiga chafya wanangu wanaamka."

Jumbe akajikuna kichwa. "Nyuma ya zizi? Mbona pale hata mtu akienda akirudi hachafuki ukucha? Nikikuletea nyasi pale, mpiga ngoma atainama aone nini? Na nyasi zote tulizokata bondeni ni za watu wa Vikonje, ng'ambo ya mlima. Nasikia kule kuna mama analala nje na mwanawe. Nje kabisa! Moyo unaniuma."

"Jumbe, hata hapa yuko."

"Lakini wa kule yuko mbali! Laiti nawe ungekuwa mtu wa mbali, Bi Mashavu. Leo hii ungekuwa umeshaezekewa." Chya! Chya! Chya!

Bi Mashavu akaondoka. Akaenda kwa Shekiondo, yule wa chumvi.

"Jirani, nisaidie japo tita moja la nyasi."

"Moja tu? Nakuletea, jirani! Ila nitapitia mbali kidogo."

Akajitwika tita, akaenda akipitia mbali kidogo, akakutana na msafara wa kwenda Vikonje, akajiunga nao. Mpaka leo tita lile halijafika.

Bi Mashavu akaenda kwa mpiga ngoma. "Ndugu yangu, wewe mkono wako una nguvu. Niezekee japo pembe moja, wanangu wajibanze."

"Na ngoma nitapigiwa na nani?" akasema yule. "Mimi ndiye mpiga ngoma!"

Mbingu ikanguruma. Doto akalia. Bi Mashavu akasema, vema, wacha niende nikaone hizo nyasi zinakwenda wapi.

Msafara ukatoka. Jumbe mbele, Shekiondo nyuma yake, watu na matita vichwani, vumbi linafuka. Wanaimba:

*Vumbi panda, panda mguu,*
*Funika goti, funika paja,*
*Wa karibu na angoje tu,*
*Wa mbali ndiye wa haja!*

Itikieni nanyi! Mnaogopa nini, vumbi? Haya.

Nyuma ya msafara anatembea Sinaneno. Kila unyasi unaodondoka, analamba. Unaodondoka, analamba. Na usiodondoka anauvuta kidogo. Na nyuma ya Sinaneno, Bi Mashavu na wanawe.

Wakafika kileleni. Na kileleni, masikio yenu yasikie, wakakutana na msafara wa Vikonje unatoka upande wa pili, nao una matita ya nyasi, nao una vumbi. Kumbe Vikonje nao walikuwa wamesikia kwamba Matongo kuna mama hana paa, na moyo umewauma! Wakakumbatiana. Wakalia. Wakabadilishana matita. Matongo wakachukua nyasi za Vikonje, Vikonje wakachukua nyasi za Matongo, kila mtu akateremka kwao anaimba.

Na zile nyasi walizopewa, wakishafika nazo nyumbani, wafanye nini? Wampe jirani? Hakuna vumbi! Kesho yake wanazitwika tena, wanazirudisha kileleni. Nyasi zilezile. Zimepanda na kushuka mpaka zimepata uzoefu. Kila safari matita yanapungua, na Sinaneno ananenepa. Na katika kwenda kote huko, hapana mtu wa Matongo aliyewahi kuiona Vikonje, wala wa Vikonje aliyeiona Matongo. Walijuana kwa vumbi tu.

Siku moja misafara ilipoteremka, pale kileleni wakabaki watu wawili. Bi Mashavu na pacha wake, na upande wa pili mwanamke mwembamba, mtoto mgongoni, naye alikuwa amezifuata nyasi. Aliitwa Bi Nyanzala.

Wakatazamana.

"Nawe?" akauliza Bi Mashavu.

"Nami," akajibu Bi Nyanzala.

"Paa?"

"Upepo umelichukua. Lako?"

"Fahali."

Wakacheka. Wakacheka mpaka wakakaa chini, mpaka kicheko kikageuka kilio, watoto nao wakaingia humo humo. Kisha Bi Mashavu akajifuta, akasema, "Dada, mimi nina neno moja kichwani. Nikipata mimi, hutakosa wewe."

"Nami vivyo hivyo," akasema Bi Nyanzala. Wakaachana.

Kesho yake msafara ulipokuwa unapanda, wakamkuta mwanamke amesimama njiapanda. Amejipaka majivu, amejitanda kaniki mpaka machoni, ana mzigo mgongoni na mzigo kifuani. Nyinyi mnamjua. Wao hawakumjua. Walikuwa wamezoea kumwona akiwa karibu.

"Salamu, enyi watu wa mbali!" akasema.

"Mbali ni kwenu!" wakajibu kwa furaha.

"Nimetumwa niwapokee. Leo msiishie kileleni. Leo njooni mpaka mlangoni kwa huyo asiye na paa, mumwezekee kwa mikono yenu."

Jumbe Kilua akadakia. "Mpaka mlangoni! Ni mbali?"

"Mbali sana."

"Kuna vumbi?"

"Jumbe, kule vumbi lina vumbi lake."

"Tangulia, mama, tangulia!"

Bi Mashavu akashika njia ya kushoto. Akawapeleka kwenye miiba. Jumbe akauliza, "Tumefika?" "Bado." Wakaimba. Akawapeleka kwenye mto mkavu, mchanga unawaka. "Tumefika?" "Bado." Wakaimba. Akawapeleka kwenye uwanda wa vumbi jekundu, wakatoka humo kama vyungu vibichi, macho tu yanapepesa. "Tumefika?"

"Tumefika," akasema Bi Mashavu.

Alikuwa amewazungusha mlima wote, akawaingiza Matongo kwa nyuma.

Najua mtaniuliza, mtu atashindwaje kukijua kijiji chake? Wewe unayetikisa kichwa hapo, bibi yako anakaa nyuma ya nyumba yenu. Ukuta wa nyuma wa nyumba yake una nyufa ngapi? Haya, nyamaza. Watu wa Matongo walitoka kwa lango la mbele na kurudi kwa lango la mbele, macho mlimani. Nyuma ya kijiji hapakuwa na safari, kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyepatazama.

Wakasimama. Wakaona.

"Maskini ya Mungu!" akasema Shekiondo. "Watu wa Vikonje wanaishi hivi?"

"Tazama nyumba ile! Fito tupu, kama mbavu za mbwa!"

"Na mvua hiyo inakuja! Hawa watu hawana majirani?"

"Wangekuwa na majirani wangekaa hivi?"

Jumbe analia hadharani. "Kazi! Kazi, ndugu zangu! Msiangalie jasho!" Wakalivamia lile paa. Huyu anarusha, yule anadaka, huyu anafunga, yule anakaza. Matita mengine wameyaegesha kando. Mara fahali akatokea, akaanza kuunusa ukingo mpya.

"Ajabu!" akasema jumbe. "Hata ng'ombe wao amefanana na Sinaneno wangu."

"Wa kwako ana haya kidogo," akasema Shekiondo. Wakamfukuza kwa mawe.

Paa likakamilika. Nene, zuri, limeshuka mpaka chini. Bi Mashavu akaingia ndani, akawalaza Kulwa na Doto, akainua macho juu. Hakuona wingu. Akakaa chini akalia peke yake, na sasa akili yake ilikuwa imechoka kuliko miguu ya wale wote.

Huku nje jumbe amenogewa na wema, hataki kuondoka. Akatazama huku na huku amtafute mwingine wa kumsaidia. Akaona, chini ya ukuta mkubwa, bibi kizee amekaa juani, ana mtungi pembeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mgeni." Macho ya bibi yalikuwa na ukungu.

"Mtungi wako una maji?"

"Una buibui."

"Lahaula! Huna watoto, bibi?"

"Ninaye mmoja. Ndiye jumbe wa hapa."

"Jumbe! Anakaa mbali?"

"Anakaa nyuma ya ukuta huu niliouegemea."

"Na haji?"

"Asubuhi hunirushia salamu kwa juu ya ukuta. Salamu zinafika. Maji ndiyo hayarushiki."

"Umemwambia una kiu?"

"Nilimwambia. Akalia sana. Akasema siko mbali vya kutosha."

Jumbe Kilua akapandwa na hasira hata vumbi likampasuka usoni. "Jumbe gani huyo! Mama mzazi! Mama aliyembeba! Nionyesheni huyo mtu asiye na haya! Nionyesheni nimcharaze mbele ya watu wake, nimwulize ana moyo au ana kokwa ya..." Chya! Chya! Chya!

Kuku wakakimbia. Mabua yakaanguka. Ndani ya nyumba, Kulwa na Doto wakashtuka.

Bibi akainua kichwa. Akanyoosha mkono, akapapasa ule uso, akaufuta vumbi kwa ncha ya kanga. Akafuta kipaji. Akafuta pua. Akafuta kidevu.

"Kilua mwanangu," akasema yule bibi, Bi Sikudhani. "Umetoka safari?"

Jamani. Hapo hata mimi, nimeisimulia mara nyingi, hapo huwa nameza mate.

Watu wakageuka, mmoja mmoja. Ule ukuta ni wa jumbe. Lile zizi ni la jumbe. Fahali yule waliyempiga mawe ni Sinaneno, mwenyewe hasa. Na mwanamke aliyetoka mlangoni hana kaniki wala majivu, ana mashavu anayojulikana kwayo.

"Bi Mashavu," akasema jumbe kwa sauti ndogo, "umetudanganya."

"Nimewadanganya, jumbe. Uliniambia niwe mtu wa mbali. Nimekuwa."

Jumbe Kilua aliuchukua ule mtungi, akautoa buibui, akaenda kisimani mwenyewe, akarudi nao begani. Mama yake akanywa. Akanywa tena. Mara ya tatu akapumzika kwanza, ndipo akanywa. Jumbe amemshikia mtungi.

Laiti hadithi ingeishia hapo! Ningekwenda kulala. Lakini mtu aliyeaibika ni hatari kuliko mtu mwovu.

Kesho yake jumbe akaitisha baraza. "Tumekosea!" akasema. "Fimbo ya mbali haiui nyoka. Tangu leo, msaada ni wa nyumbani. Mbali marufuku! Mpiga ngoma, sasa tazama miguu safi. Mwenye miguu safi ndiye mwema, kwa maana hajaenda kuwapa wa mbali."

Ngoma! Vigelegele! Watu wakasugua miguu kwa mawe. Wakaipaka mafuta. Wakaanza kutembelea mikeka. Kisha mmoja akasema, kwa jirani nako kuna vumbi kidogo, heri nimsaidie wa ukoo wangu tu. Mwingine akasema, ukoo wangu una watu wa bonde lile, heri wa nyumba yangu. Shekiondo yeye akakaa kitandani, miguu hewani, akasema nyumbani kwa mtu kabisa kabisa ni tumboni mwake. Akawa anajitolea wali mwenyewe na kujishukuru. "Ahsante, Shekiondo." "Karibu, Shekiondo." Mkewe anamtazama tu.

Bi Mashavu akawaambia, "Jamani, ng'ambo ya mlima kuna mwenzangu hana paa. Nilimwahidi. Matita yaliyobaki yako zizini, nisaidieni kuyapeleka."

"Vikonje?" wakasema. "Na miguu yetu hii?"

Mvua ikaja. Si ya manyunyu, ya kumwaga kwa ndoo. Na ndani ya mvua hiyo akatokea mtu langoni, ameloa mpaka mifupa, mtoto kamfunga kifuani ndani ya jani la mgomba. Bi Nyanzala. Ameuvuka mlima amfuate yule aliyemwahidi.

Baraza lilikuwa limekaa ukumbini kwa jumbe, miguu inang'aa. Mpiga ngoma akasema, "Simama hapo hapo langoni! Huyu ni wa mbali!"

"Lakini amekwisha fika," akasema mwingine. "Aliyefika si wa karibu?"

"Mguu mmoja uko ndani."

"Basi nusu yake ya kulia tuisaidie."

"Arudi nyuma kidogo tumwone vizuri."

Bi Nyanzala akarudi nyuma. "Sasa ni wa mbali!" Akaja mbele. "Sasa ni wa karibu!" Nyuma. Mbele. Nyuma. Mvua inampiga, na baraza linabishana. Mtoto akakohoa, kikohozi kidogo, kikavu, katika maji yote yale.

Bi Mashavu alikisikia kule nyuma. Alitoka mbio, matope yanaruka, akapita katikati ya baraza, akamchafua kila mwenye miguu safi. Akamshika Bi Nyanzala mkono. "Njoo ndani, dada." Hakumwuliza mtu. Wale watoto watatu wakalala kwenye kitanda kimoja chini ya paa lile la nyasi zenye uzoefu.

Baraza wakabaki wanapangusana. "Sasa tumhesabu vipi?" akauliza mpiga ngoma. "Jumbe, toa hukumu. Ni wa mbali au wa karibu?"

Ndipo Bi Sikudhani, aliyekuwa sasa anakaa ukumbini kwa mwanawe, akagonga fimbo yake chini.

"Kilua! Hata lini utapima njia? Ulipokuwa unapima vumbi mimi nilikufa kiu. Sasa unapima usafi, na mtoto wa watu anakohoa. Mimi macho yangu hayaoni miguu ya mtu. Nauliza swali moja tu. Nani analowa?"

Mvua ndiyo iliyokuwa inasema.

Jumbe Kilua akasimama. Akaitazama miguu yake mizuri, iliyopakwa mafuta. Akaingiza mmoja kwenye matope. Akaingiza wa pili. Akaenda zizini, akajitwika tita, akamfunga Sinaneno matita mengine mgongoni, kwa kuwa mla paa na abebe paa. Mvua ilipokatika, yeye na Sinaneno wakaanza kupanda mlima. Watu wakatazamana, kisha wakamfuata. Hata Shekiondo, mkewe alimwinulia kitanda mpaka akadondoka.

Safari hii hawakuimba, na kileleni hawakuishia. Wakateremka upande wa pili wakaiona Vikonje kwa mara ya kwanza, na kumbe ni kijiji tu, kina mbuzi na majungu na watu wanaogombana. Watu wa Vikonje waliposikia yaliyotokea wakainamisha vichwa, wakaleta kamba. Nyumba ya Bi Nyanzala ikaezekwa na mikono ya pande mbili. Sinaneno alikula kidogo, msidhani alibadilika.

Wakarudi. Mpiga ngoma alikuwa amewatangulia mbio, amekaa langoni na ngoma yake, kwa maana kazi ni kazi. Lakini jumbe, kabla ya kufika langoni, akakata kona kijitoni. Akaingia majini. Akanawa vumbi, akanawa matope, akasugua mpaka vidole. Wote nyuma yake wakanawa. Wakaja langoni miguu inachuruzika maji. Na wakati huo huo akatokea Bi Mashavu kwa upande wa pili, alikuwa amempelekea Bi Sikudhani uji, naye amenawa.

Mpiga ngoma akainama. Akatazama miguu hii. Akatazama miguu ile. Yote ni miguu.

"Jumbe, umetoka wapi? Mbali au karibu?"

"Nimetoka kuezeka," akasema Jumbe Kilua, akapita.

Mpiga ngoma akakaa hapo, mikono hewani, hajui apige puh ngapi. Mwishoni akaing'oa ngozi ya ngoma, akalisimamisha gogo lake tupu langoni, akalijaza maji. Na tangu siku ile, Matongo hakuna aingiaye kijijini kabla hajanawa miguu, na ukimwuliza mtu ametoka kumsaidia nani, atakwambia karibu uji.

Hadithi yangu nayo imetoka safari. Imefika mlangoni, imenawa, imeingia ndani. Sitaki ngoma.
— Tukupe nini?
Mahindi mliyopukuchua.
— Yote?
Ya kujaza kiganja. Na kabla hamjaniletea, mmoja wenu ainuke aende nyuma ya nyumba, akamtazame bibi yake.
— Na aliye ng'ambo?
Kesho, na mimi nitakwenda nanyi. Imetosha. Nimeitua.
— Tumeipokea!